Mkweche wangu wa Endabash umewashinda!

Niliambiwa ninunue kompyuta mpya. Sinunui ng'o!

Natengeneza drava huria, programu ya wazi inayoendesha kadi ya picha ya kompyuta, na wenzangu wa ng'ambo. Kila umeme ukikatika na kurudi huku Endabash, ramani yangu ya kreta ya Ngorongoro inaganda, maana drava inaandaa upya sheda zote, vijiprogramu vya kuchora mwanga na vivuli.

Kwao inafunguka fasta.

Leo nimemshika mchawi!

Laptopu yangu haina betri, hata ile ndogo ya saa. Umeme ukirudi, saa inaanzia 2009. Drava inaona sheda ilizohifadhi jana zina tarehe ya miaka ijayo, inazitupa! (Kwao umeme haukatiki, wangejuaje?)

Nimeizuia isiangalie tarehe. Ramani ikafunguka kufumba na kufumbua!

Mkubwa wa mradi, yuleyule wa "nunua mpya", kapokea marekebisho yangu, kisha kaandika: "Hiyo laptopu usiitupe. Kila toleo tutalijaribu kwako kwanza."

Haya, nani tena anauita mkweche?