Neno Nililomfundisha Baba

Mwanangu, kuna siku moja ya likizo ninayoikumbuka kila ninapowekewa sahani mezani. Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni upande wa Kombewa.

Baba alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha sukari huko Muhoroni. Kule alizoea kula na wenzake wa zamu, mikono mingi kwenye sinia moja ya ugali. Nyumbani nako wanaume walikula pamoja katika nyumba kubwa, Mama na watoto jikoni. Lakini kaka zangu walikuwa wameondoka kutafuta kazi, kwa hiyo mwanamume wa kula na Baba nilibaki mimi tu. Nami nilikuwa na simba yangu, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango, na nilipenda vitabu kuliko watu. Nilimwomba Mama aniletee chakula huko huko.

Muhula ule mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametueleza asili ya neno "alone", yaani peke yako. Zamani, alisema, yalikuwa maneno mawili, "all" na "one", yaani mmoja kabisa. Watu wakayatamka haraka haraka mpaka yakashikana. Baadaye wakalikata kichwa, wakapata "lone", na kutoka hapo likazaliwa "lonely". Niliyapenda mambo hayo kama wenzangu walivyopenda mpira.

Jioni moja niliingia nyumba kubwa kuchukua kibiriti, nikamkuta Baba mbele ya ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, ambazo hajazigusa. Nikamweleza habari za neno langu. Akacheka.

"Mmoja kabisa? Kwa hiyo nikila na wenzangu ninakuwa nusu?"

Nikamwambia neno lenyewe halina ubaya. Anayelima bila msaidizi yuko "alone", na anayejifungia asome pia yuko "alone". Baba akauliza tena.

"Na mtu mwenye mke, watoto na boma zima, ila hakuna anayenawa mikono pamoja naye. Huyo Wazungu wanamwitaje?"

"Huyo ni 'lonely', Baba. Hilo ni la moyoni."

"Lonely," akarudia polepole, kama anayejaribu viatu vipya. "Kweli umesoma, kijana wangu."

Sifa ile ilinitosha. Nikachukua kibiriti, nikarudi kwenye simba yangu. Pale mezani palikuwa na jagi la maji ya kunawa, beseni na vikombe viwili. Niliviona, mwanangu. Siwezi kusema sikuviona.

Likizo iliyofuata Baba hakuwepo tena duniani. Mama ndiye aliyeniambia kwamba kila jioni nilipokuwa nyumbani Baba alikuwa akichelewesha kula, akisema, "Tungoje kidogo, pengine atakuja."

Sikukatazi kukaa peke yako. Kuna mambo hayafikiriki penye kelele, na mimi mwenyewe hadi leo husoma mlango ukiwa umefungwa. Ila kabla hujaufunga, angalia ni nani unayemwacha nje. Na mzee akikuuliza maana ya neno, mtazame usoni kwanza, maana huenda anakueleza hali yake. Ukishamtazama, acha kufundisha. Nawa mikono, ukae.

Mungu akujalie mtu wa kukumwagia maji ya kunawa, wala mtu huyo asikungoje bure.