Walburga na Jembe Nililoficha

Mwaka ule wanunuzi wa kahawa walianza kuja na malori yao mpaka huku Mapera. Wifi yangu Walburga, mke wa mdogo wangu Egidi, akabeba gunia kichwani kwenye mteremko uliolowa. Akaanguka chali.

Hyasinti, mganga wa zahanati, alisema mfupa wa mgongo haukuvunjika. Mimi nikasema umevunjika. Mimi ndiye mkubwa hapa, nani abishane nami? Nikachukua jembe lake nikalificha chini ya kitanda changu.

"Ukiinama tena, ndiyo mwisho wako," nikamwambia.

Akaniamini. Miezi minane alilala, maji tunamchotea, ugali tunampelekea. Miguu ikawa ya kuku. Hata kijiko kikianguka alikuwa anakiangalia tu.

Ikafika Machi, wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani ambayo maharage tunapanda kwenye kingo zake. Kwetu Wamatengo mwanamume hupanga nyasi kwa miraba, mwanamke ndiye anainama kuchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Egidi akasema kama mkewe hawezi, shamba atampa mwanamke mwingine mwenye mgongo mzima.

Hyasinti akaja tena. "Mama Walburga, mfupa ni mzima. Kilichobaki ni hofu, na nyama zilizosahau kazi. Anza kidogo kidogo, hata kama mgongo unauma."

Nikamfukuza.

Kesho yake nakuta kitanda kitupu. Nikapanda shambani mbio. Walburga kapiga magoti, anachimba kwa mwiko wa ugali! Kashimo kadogo, lakini nyasi pande zote nne, udongo umefunika vizuri.

"Wifi, hicho ni kiota cha kuku?"

"Kuku atataga maharage. Kaniletee jembe langu."

"Mgongo hauumi?"

"Unauma. Lakini hauvunjiki."

Akainama tena, polepole, jasho linadondoka kwenye udongo, mimi namwangalia. Mungu wangu! Nimezika watu wengi, nimezalisha wengi, lakini mtu anayerudi kwenye mwili wake mwenyewe sikuwahi kumwona.

Nikaenda nikaleta jembe.

Siku ile alichimba shimo moja. Siku ya tatu, mawili. Kuna siku alishindwa akalia, kesho yake akapanda tena. Egidi akawa anampangia nyasi.

Msamaha sikumwomba, kinywa changu hakijazoea. Ila msimu ule, mimi mkubwa wake, nilichukua mstari wa nyuma, nikachimba nikimfuata.