Mnyororo Uliopakwa Samli

Ukitaka kumuudhi Kobugabe, ulihitaji kumwambia jambo moja tu: kwamba mwanamke hawi na mashua. Yeye alikuwa nayo. Ilikuwa ya mbao, yenye tanga moja lililoshonwa viraka juu ya viraka, nayo ilitembea ziwa Burigi kutoka bandari ndogo hii hadi ile, ikibeba maharage, kahawa, mikungu ya ndizi na watu wavivu wa kuzunguka kwa miguu. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mashua aliiunda marehemu mumewe, Rweyemamu, fundi aliyejifunzia kazi hiyo Bukoba. Alipokufa, ndugu wa mume walikaa kikao, wakaamua iuzwe. Kobugabe aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapikia wakala wakashiba, ndipo akawaambia kwamba mashua haiuzwi. Walirudi makwao wameshiba, na hilo ndilo walilopata.

Tanga alimwachia shemeji yake Anatory, mtu mpole, mjuzi wa upepo, ambaye kasoro yake ilikuwa kuipenda mno rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Lakini nanga ilikuwa mali ya Kobugabe. Haikutupwa wala kuvutwa bila yeye kusimama pale akitazama. Safari ya kulizunguka ziwa haikuisha kwa siku moja, na ufukoni hapalaliki: kuna viboko, kuna mamba, kuna mbung'o. Kwa hiyo walilala majini, mbali kidogo na nchi kavu, na anayelala majini ameikabidhi nanga roho yake.

Rweyemamu alikufa kwa adabu. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Katika vijiji vile vya kando ya ziwa, kifaa cha kazi kilichotoka kwa wakwe kilipokewa kwa mikono miwili, kikasifiwa, kikawekwa. Jembe la mahari lililetwa limepakwa samli mpaka likang'aa, likafungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ulilifungua, ukasema limependeza, ukashukuru. Kuligonga usikilize mlio wake, kama tunavyogonga chungu sokoni, kulikuwa sawa na kumwambia mkwe wako usoni: wewe ni tapeli. Ndoa zilivunjika kwa kosa hilo, na watu waliona ni haki zivunjike.

Sasa kamba ya nanga ya Rweyemamu ilikuwa zawadi ya baba yake Kobugabe. Ilikuwa nene, nzuri kwa macho. Rweyemamu aliisifu, akaifunga kwenye nanga, wala hakuivuta hata mara moja kuijaribu, maana mkwe ni mkwe. Ndani ilikuwa imeoza. Upepo wa vilimani uliposhuka, kamba ilikatika na mashua ikabamizwa kwenye mwamba, ikapasuka ubavu ambao baadaye ulizibwa. Anatory aliogelea akapona. Rweyemamu hakuonekana, wakazika mgomba badala yake, kama wazee walivyoelekeza. Kobugabe hakutoa chozi siku ile. Waliomwona walisema ana moyo wa jiwe, na wengine wakalisema kwa sauti ili asikie. Mimi nasema alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa imekaa mahali pa machozi. Angemlilia nani amsikie? Aliyeleta kamba alikuwa baba yake mzazi, mzee mwema, naye alikufa bila kuambiwa.

Tangu hapo alitafuta mnyororo. Kamba hakuitaka tena, ingawa ilibidi aitumie, na kila walipolala majini alikaa macho ameishika kiganjani. Alikwenda Kayanga kwa miguu akanunua mnyororo mpya, mweupe, unaometa. Muuzaji aliapa kwa Mungu wake na kwa mama yake. Kobugabe aliufunga kwenye tawi la mti, akaning'iniza chini yake magunia yenye mawe. Pete moja ikafunguka kama mdomo, kwa sababu ilikuwa imekunjwa tu, haikuunganishwa kwa moto. Aliurudisha siku iliyofuata, na muuzaji yule, aliyekuwa hodari wa kuapa, alihesabu fedha akamrudishia.

Ndipo Kyomugisha, binti yake wa pekee, akapata mchumba. Kijana aliitwa Mutalemwa, alifanya kazi kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, mkimya, mwenye mabega. Kyomugisha alimpenda bila kuficha, akawa anaimba hata akimenya ndizi, jambo ambalo mama yake hakuwahi kulisikia kwake tangu msiba. Mshenga alipokuja kuuliza mahari, Kobugabe alimwambia Anatory, aliyekuwa msemaji wa ukoo: "Ng'ombe ni maneno yenu wanaume. Lakini majembe mimi sitaki. Waambie walete mnyororo wa nanga. Huko machimboni iko minyororo ya kuvutia mikokoteni ya mawe."

"Shemeji, mahari ya mnyororo?" Anatory alishangaa. "Watasema tunataka kumfunga binti."

"Waseme."

Siku ya mahari walikuja wengi, wametanguliwa na baba yake Mutalemwa, mzee Byaruhanga, mfugaji mrefu mwenye fimbo ndefu. Kijana mwenyewe alibaki nje ya ua, kama ilivyompasa. Mnyororo ulibebwa kwenye mti na wanaume wawili, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na ulipofunguliwa wanawake walipiga vigelegele. Ulikuwa unang'aa! Mzee Byaruhanga aliupaka samli kwa mikono yake mwenyewe, samli ya ng'ombe wake, pete baada ya pete, kama ambavyo baba yake alipaka majembe. Alijua ng'ombe, hakujua minyororo. Aliufanyia heshima aliyoijua.

"Umependeza," alisema Anatory, mkono wake ukiwa tayari umefika kwenye kibuyu cha rubisi. "Tumeshukuru, wakwe zetu."

Kobugabe alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Alitazama samli ilivyojaa kwenye vikunjo, pale pete inapokaa ndani ya mwenzake na kusuguana nayo. Pale ndipo mnyororo unapoliwa. Nje unaweza kuwa mnene kama kidole gumba na ndani ya kikunjo umebaki uzi. Alimtazama binti yake, aliyeinama kwa aibu ya furaha. Aliitazama rubisi inavyomiminwa. Ikishanyweka, mahari imepokewa, yamekwisha. 

Akainuka. Akaokota jiwe la mafiga, akapiga magoti mbele ya wakwe, akausukuma mnyororo ulegee, akaanza kugonga.

Vigelegele vilikatika. Pete ya kwanza ililia vizuri, na ya pili, na zilizofuata. Anatory alinong'ona, "Shemeji, shemeji, tafadhali," lakini hakuna aliyemsikia. Kisha katikati ya mnyororo mlio ukafa. Jiwe liligonga, na pete ikajibu kwa sauti nzito, fupi. Kobugabe alifuta samli kwa kanga yake. Chuma pale kilikuwa kimeliwa kikabaki chembamba kama kijiti cha ufagio, na zilizofuata nazo vivyo hivyo.

"Mkwe wangu," alisema bila kuinua macho, "nisamehe. Huu hautashika."

Mzee Byaruhanga alisimama. Hakupaza sauti, na ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nimewaoza watoto wangu wengine wote," alisema. "Sijawahi kugongewa jembe. Chukueni mnyororo. Twendeni."

Waliondoka na mnyororo wao, samli ikidondoka njiani. Rubisi ilibaki vibuyuni, na Anatory, masikini, hakuonja hata tone, akakaa akiitazama kama mtu anayetazama maiti. Kyomugisha alisubiri ua ubaki mtupu, akamwambia mama yake, "Mama, umeniua." Akaingia ndani.

Zilifuata siku mbaya. Binti alipika, akapakua, bila kuimba. Wazee wa ukoo walikuja kumshauri Kobugabe apeleke mbuzi wa kuomba radhi, aseme alipandwa na pepo, yaishe. Lilikuwa shauri jema, na mbuzi alikuwepo. Naye alimtaka sana Mutalemwa awe mkwe wake. Mara mbili alimfunga mbuzi yule kamba tayari kwa safari, na mara zote mbili alimfungua. Kuomba radhi kungemaanisha kuupokea mnyororo, kuutia majini, na kulala juu yake pamoja na watu waliomwamini.

Mwishowe alimfuata Kyomugisha shambani, akamkuta anapalilia maharage chini ya migomba, akakaa kwenye udongo.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema. "Ile kamba iliyomuua baba yako ilitoka kwa babu yako. Baba yangu. Aliileta kwa furaha, na baba yako hakuivuta, kwa kumheshimu. Mimi nilikuwepo. Niliona doa katikati yake, nikanyamaza, kwa kuwa nami nilifundishwa hivyo hivyo."

Jembe la Kyomugisha lilisimama. "Babu alijua?"

"Hakujua. Ningemwambiaje? Nilimpikia mpaka alipokufa, na kila nilipompa chakula nilimwona mume wangu majini."  "Unikasirikie, mwanangu, una haki. Lakini sitanyamaza mara ya pili. Wewe utapanda mashua ile, na mumeo, na watoto wenu."

 Binti aliketi karibu naye kidogo, kisha wakamaliza mstari ule wa maharage pamoja, mmoja akipalilia na mwingine akiokota magugu. Jumapili iliyofuata Kyomugisha alikwenda misa Nyaishozi akijua Mutalemwa atakuwepo. Baada ya misa alimpeleka nyuma ya kanisa, mbele ya macho ya wambea wote wa parokia, akamweleza habari za kamba. Wambea walipata kazi ya mwezi mzima. Mutalemwa alisikiliza, akaomba ruhusa ya kwenda, na hakwenda machimboni kwanza. Alikwenda kwa baba yake.

Mzee Byaruhanga hakuwa mtu wa kubadilika upesi. Tulisikia kwamba alikasirika upya, akasema mwanamke asiyejua adabu hawezi kumfundisha yeye vyuma. Tena tukasikia kwamba amekwenda Kyerwa mwenyewe, kwa miguu na uzee wake, na kwamba ameonekana kati ya marundo ya vyuma chakavu, amechuchumaa, anauliza maswali mpaka wachimbaji wanamcheka. Hatukujua tuamini lipi. Kobugabe aliacha kuuliza. Aliendelea na safari zake, kamba kiganjani, bila usingizi, akakonda.

Walikuja asubuhi moja ya mawingu, Kobugabe na Anatory wakiwa ufukoni wanapakia kahawa. Walikuwa wawili tu, bila mshenga, bila wanawake wa vigelegele. Mzee alishika ncha moja ya mti na Mutalemwa ncha nyingine, na katikati ulining'inia mnyororo. Haukuwa na jani hata moja juu yake. Haukuwa na samli. Ulikuwa mweusi, mchafu, wenye kutu ya juujuu, mnene vikunjoni kama ulivyokuwa mnene mgongoni.

"Shikamoo, mama," alisema Mutalemwa.

"Marahaba, mwanangu." Kobugabe alitaka kuendelea kusalimia kama inavyopasa, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, lakini macho yake yalikuwa kwenye mnyororo.

Mzee Byaruhanga alishusha mzigo kwenye mchanga. Alikuwa anahema. Alichomoa nyundo kwenye mkanda wake, nyundo ya machimboni, akamnyooshea Kobugabe kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa jembe.

"Sikujua kwamba kuna mtu alikufa kwa zawadi," alisema. "Mkwe, huu tumeuchagua pete kwa pete. Mbovu zote tumekata, fundi akaunganisha kwa moto. Tumeutundika, tumeugonga, mimi na kijana, mpaka mikono ikaota malengelenge." Akauonyesha mnyororo kwa kidevu. "Usituamini. Gonga."

Anatory alifungua mdomo kusema si lazima, wakwe zetu, tumeshukuru. Kobugabe alimtazama, naye akaufunga.

Kobugabe akapiga magoti mchangani. Mzee naye akapiga magoti upande wa pili, na magoti yake yakalia kwa uzee. Akaishika pete ya kwanza ikae wima, ili nyundo iipate vizuri. Kobugabe aligonga. Ikalia. Mzee akashika ya pili. Ikalia. Waliendelea hivyo bila neno, mmoja akishika na mwenzake akigonga, na mlio ukaenda juu ya maji ukarudi, na mahali fulani kabla ya kufika katikati Kobugabe alianza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia wafiwa siku ya kwanza, mpaka watu wakatoka mashambani kutazama kuna msiba gani.

"Tupumzike, mkwe?" aliuliza mzee Byaruhanga.

"Hapana," alisema. "Shika inayofuata."