Watoto wa Kutosha Chupa Moja

Nilikuwa juu ya paa la ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga huko Kayole, naanika nepi huku mpwa wangu amelala kifuani mwangu ndani ya leso, mama wa ghorofa ya pili aliponiambia kwamba kijana wake ana ukambi. Hakuniambia kwa kupenda. Nilimwuliza tu, kwa adabu ya watu wanaogawana kamba za nguo, mbona siku hizi simsikii mtoto wake akipiga kelele kwenye ngazi. Akageuka nyuma, akaona hakuna mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Yuko ndani. Amejaa vipele mwili mzima, macho hayataki mwanga. Lakini tafadhali, hayo yasitoke hapa juu. Unajua kazi yangu."

Niliijua. Alipika chapati kwenye lango la ploti kila jioni, na nusu ya jengo ilikula kutoka mikononi mwake. Nikasema sawa, mama. Kisha nikashuka, na nilipofika mlango wake nikabana pumzi na kumfunika mtoto uso kwa leso. Nilipofika ghorofa yetu ndipo nilipokumbuka kwamba mtoto yeye hakubana pumzi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya uchumi na sina kazi. Dada yangu alikuwa akishona suruali katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Alitoka alfajiri, na siku akikosa, langoni kulikuwa na wengine wanaoingojea nafasi yake. Kwa hiyo kazi ya kulea ilikuwa yangu. Mtoto alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa kudungwa sindano ya surua, yaani huo huo ukambi wetu wa mtaani. Na hakuwa amedungwa.

Si kwamba sikumpeleka. Nilimpeleka kliniki siku ile ile alipotimiza. Kwenye benchi tulikuwa mimi na mama mmoja tu. Sista, muuguzi mnene wa sauti kavu, akatuangalia akasema, "Leo sifungui. Mrudi Alhamisi."

"Hufungui nini?" niliuliza.

Akanionyesha kichupa kidogo chenye unga mweupe chini. Alieleza kwamba chupa moja inadunga watoto kumi, kwamba ikishachanganywa na maji yake haiwezi kulala, na kwamba mwezi huo waliletewa chache. "Nikifungulia watoto wawili, jioni namwaga ya wanane. Hao wanane wakija kesho niwadunge na nini? Nipatieni hata sita, saba, nitafungua."

Siku ile nilimwelewa vizuri kabisa. Ilikuwa hesabu safi. Sasa, baada ya kushuka kutoka paani, hesabu hiyo ilianza kuninyonga.

Nilisoma kwenye simu kwamba surua hubaki hewani hata baada ya mgonjwa kuondoka. Ploti yetu ina ngazi moja, nyembamba, haina dirisha. Nilijaribu kukumbuka ni mara ngapi tulipita pale kijana yule akiwa ameketi kwenye kidato akichezea gari lake la kifuniko cha soda. Nikakumbuka siku alipomshika mpwa wangu kidole na kusema, "Anko, anacheka!" Papo hapo nilimnawisha mtoto mkono ule, ingawa siku zilikuwa zimeshapita. Nikajua ni upuuzi. Nikamnawisha tena.

Nilifikiria kurudi kwa sista nimwambie ukweli. Lakini nilikuwa nimeahidi, na kichwa changu hakiachi jambo likae dogo. Niliona maafisa wakija na kufunga lango. Niliona jiko la chapati likipigwa teke. Niliona watu wakiuliza ni nani aliyesema, na vidole vikinielekea. Kisha niliona mpwa wangu amefumba macho kwa sababu ya mwanga, na picha hizo nyingine zote zikafifia.

Nikampigia dada wakati wao wa chakula. Sikumwambia chanzo. Nilimwambia nimesikia ukambi unazunguka na kliniki haifungui chupa kwa mtoto mmoja.

Nyuma yake nilisikia vijiko na vicheko vya wanawake.

"Mtoto ako joto?"

"Hapana."

"Basi tafuta hao wengine."

"Wengine gani?"

"Watoto. Hilo jengo limejaa watoto. Gonga milango."

"Mimi naogopa, dada. Kijana mzima, naenda kwa milango ya watu kuuliza watoto?"

"Ogopa," akasema, "lakini ukiwa unagonga."

Nilijizoesha maneno mbele ya kioo cha bafu. Habari ya mchana, mama, samahani kwa usumbufu. Hapana, ni marefu. Habari, una mtoto wa miezi tisa? Hapana, hayo ni maneno ya mwizi. Mwishowe nilitoka bila maneno yoyote, mtoto kifuani, nikaanza na ghorofa ya juu kabisa, mbali na mlango wa kijana mgonjwa.

Mlango wa kwanza haukufunguliwa. Wa pili ulifunguliwa na mama aliyenisikiliza hadi mwisho, akaniambia wake ni wa darasa la sita. Wa tatu, mama mmoja alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni ambaye hakuwa amedungwa. Nilifurahi kupita kiasi, na nadhani aliliona hilo.

"Mbona una haraka hivi?" akaniuliza. "Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Unalipwa?"

"Hapana."

"Sasa haraka ni ya nini?"

Jibu lilikuwa ghorofa chache chini yetu, gizani, pazia limefungwa. Nikasema, "Ni vizuri tu kuwahi." Hata mimi nisingeamini jibu hilo. Akaniambia kwamba kifungua mimba wake alidungwa akavimba paja, usiku kucha hawakulala, na kwamba atafikiria. Akafunga mlango polepole, na nikasikia komeo la juu, kisha la chini.

Nilipofika ghorofa ya tatu habari zilikuwa zimenitangulia. Kijana mmoja mwenye taulo shingoni, amejaa povu nusu ya uso, alikuwa amesimama kwenye ngazi akinisubiri.

"Niaje, msee. Nasikia unasaka watoi."

"Ni watoto wa chanjo. Nataka tuende pamoja Alhamisi."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Ni wa kaunti? Uko na kitambulisho cha kazi?"

"Sina kazi."

"Ah! Hana kazi, na anataka watoi." Akageuka kuwatazama waliokuwa wameanza kutoka milangoni. "Na huyo umebeba umemtoa wapi?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kunipa nafasi ya kupita. Mama mmoja akainua simu akasema picha yangu iwekwe kwa grupu ya ploti ili watu wajihadhari. Mwingine akauliza mtoto ni wa nani hasa, mbona hatufanani. Mzee wa chumba cha kona akasema wezi wa siku hizi hutumia watoto kama chambo. Nilitaka kueleza, na maneno yakaja yote kwa pamoja yakakwama. Nilijua kinachoweza kutokea kwenye ngazi za Eastlands neno "mwizi" likishatamkwa na mtu wa tatu. Mpwa wangu, ambaye huwa anacheka na kila mtu, akaanza kulia kwa sababu moyo wangu ulikuwa unampiga kifuani.

"Huyo ni mjomba wa huyo mtoto," sauti ikasema kutoka chini. "Namjua. Huyo huogopa hata paka wa keretaka wa ploti."

Alikuwa mama wa chapati. Alikuwa amepanda kutoka ghorofa yake, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko.

"Kama unamjua, mwambie akuambie ukweli," mama mwenye simu akasema. "Anaharakisha watu kwa nini? Kuna kitu anaficha."

Mama wa chapati akaniangalia. Nami nikamwangalia, na naapa sikufungua mdomo. Nilikuwa nimeogopa kiasi kwamba nisingeweza hata kama ningetaka. Alijipangusa mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili, akichukua muda.

"Anaficha cha kwangu," akasema. "Mtoto wangu ana ukambi. Nilimwomba asiseme."

Mtu mmoja akarudi hatua nyuma, kisha wengine nao. Yule kijana wa taulo akajifuta povu.

"Tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu Jumapili."

"Na umetupikia?"

"Nimewapikia," akasema. Sauti yake ilikatika hapo, lakini hakuondoka. "Hakudungwa. Wakati wake ulipofika tulikuwa ushago kijijini, mama mkwe anaumwa, nikasema nitampeleka tukirudi. Basi. Kama mna wadogo, wapelekeni pamoja na huyu. Mimi mniseme baadaye."

Walimsema hapo hapo. Mama mwenye simu alimwita mwuaji. Mtu akamwuliza kama alitaka watoto wote wa ploti waishe ndipo aseme. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akashuka, na tukasikia mlango wake ukifungwa taratibu ili mtoto asishtuke. Hakuna aliyenigusa. Yule mama wa makomeo mawili alikuwa ameshuka na wake mgongoni. Akaniuliza, "Hiyo Alhamisi ni lini?" kama mtu aliyesahau siku za wiki.

"Kesho kutwa."

"Hapana. Tunaenda saa hii."

Tulienda saa ile ile, msafara wa kanga na marinda, tukaikata barabara ya Spine Road huku yule kijana wa taulo, sasa amevaa shati, akisimamisha pikipiki kwa mkono ili tupite. Sikuhesabu watoto. Niliogopa kwamba nikihesabu tutapungua.

Sista alitoka nje alipotusikia. "Leo si siku ya surua," akaanza.

"Kwetu kuna ukambi," wakasema wengi kwa pamoja.

Uso wake ulibadilika. Akauliza ni mgonjwa wa lini, ghorofa gani, ana umri gani, nani amemwona. Kisha akaingia ndani akafungua chupa bila kuangalia tulikuwa wangapi. "Kukiwa na ukambi sihesabu watoto," alisema akivuta sindano. "Hata angekuwa mmoja. Mtu akija hapa aseme. Mimi siwezi kuuona kutoka dirishani." Watoto walilia mmoja baada ya mwingine. Wa dada yangu alidungwa mkononi, akanitazama mimi, si sista, kwa macho ya mtu aliyesalitiwa.

Mchana huo huo sista alituma mhudumu wa afya ya jamii kwenye ploti yetu na kiboksi cha chanjo chenye barafu. Alipita mlango kwa mlango, na safari hii milango ilifunguka. Kijana wa mama wa chapati alipelekwa akatazamwe, akapewa matone ya vitamini ya kumeza kwa ajili ya macho, na mama yake akafundishwa dalili za kumrudisha haraka. Jiko la langoni halikuwashwa jioni ile wala jioni zilizofuata.

Lakini kabla hatujaondoka kliniki nilikuwa nimemwuliza sista swali nililolifikiria njia nzima. Kama mtoto tayari amevuta ule ugonjwa, sindano itasaidia?

"Ikiwahi, husaidia. Ikichelewa, tutajua."

"Tutajua vipi?"

"Wiki ijayo wengine watapata joto kidogo kwa sababu ya sindano. Huo si ugonjwa. Ila na ukambi wenyewe huanza na joto." Akaniona uso, akaongeza, "Ningekudanganya ungelala vizuri, lakini sitakudanganya."

Sikulala vizuri. Kila asubuhi nilimfungua mtoto mdomo na kumulika ndani kwa tochi ya simu, nikitafuta vidoa vyeupe mashavuni. Niliviona mara nyingi. Vyote vilikuwa maziwa.

Wiki iliyofuata joto likaja. Dada alikuwa ameshaondoka. Nilimbeba mtoto hadi kliniki nikitembea upande wa kivuli, na kila aliyenisalimu njiani sikumjibu. Sista alimtazama macho, mdomo, nyuma ya masikio, tumbo.

"Leo siwezi kukuapia," alisema. "Mpe dawa ya joto na maziwa mengi. Akipata kikohozi, makamasi, macho mekundu, mlete mbio. Vinginevyo kesho."

"Lakini wewe unafikiri ni nini?"

"Nafikiri wewe hujanywa chai."

Dada aliporudi nilimwambia yote, hata la paani. Sikuwa na nguvu ya kuchagua la kusema. Hakunigombeza. Alimchukua mtoto, akaketi kitandani na viatu vya kazi miguuni, akasema, "Kesho siendi." Nikamwambia atafutwa kazi. "Wanifute," akasema, na nikamwona ameogopa kama mimi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, na likanitisha kuliko lile joto.

Kulipopambazuka yeye ndiye aliyemgusa mtoto kwanza. Akaniita kwa jina langu la utotoni. Paji la uso lilikuwa limepoa. Tumboni kulikuwa na vipele vichache vya rangi hafifu, macho meupe, kifua kimya, na mtoto alikuwa ameng'ang'ania pua ya mama yake akijaribu kuing'oa. Dada akatazama saa, akatazama mtoto, akanitupia mikononi. "Nikikimbia nitawahi," akasema, na nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Sista alipoona vipele vile aliitikia kwa kichwa mara moja tu. "Ni vya sindano. Mwili wake unajifunza. Rudi nyumbani."

"Una uhakika?"

"Kijana, kati yenu wawili mgonjwa ni nani?"

Nikarudi. Nikamketisha mtoto kwenye mkeka, nikampa kijiko, akaanza kukigonga sakafuni. Nikaweka mgongo wa mkono wangu kwenye paji la uso wake. Lilikuwa baridi. Nikangoja kidogo, nikaweka tena.