Mashine Iliyosahau Msiba

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: kompyuta ilikuwa mbovu, au ilikuwa inakataa?

Ilikuwa kompyuta mpakato ya marehemu baba mdogo. Aliinunua ikiwa imetumika, shirika lake lilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazi. Baada ya arobaini, mama mdogo alinitumia kwa basi kutoka Mikumi. Alitaka nifute kila kitu, niweke mfumo mpya, apate kufungua ofisi ya kuchapa barua kando ya barabara kuu. Neno la siri mumewe hakumwachia mtu. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta, na nilikuwa nyumbani Magomeni, Kilosa, nasubiri ajira.

Niliweka CD ya mfumo. Ikazunguka, ikanguruma, ikatulia. Kisha ikatokea picha ya baba mdogo, shati la kazini, tabasamu dogo, na chini yake kisanduku cha neno la siri.

Niliingia kwenye mipangilio, nikaiagiza ianze na CD, nikahifadhi, nikazima. Umeme wetu ulipanda na kushuka, kwa hiyo kila nilipozima nilichomoa waya ukutani, kama tulivyolelewa. Nikawasha. Picha ileile. Nikaazima CD nyingine. Picha. Kufikia mara ya sita nilikuwa nabisha hodi kimoyomoyo kabla ya kuwasha.

Mchana mmoja niliona tarehe. Ilikuwa ya mwaka ambao baba mdogo alikuwa bado yupo kazini. Nikairekebisha, nikachomoa, nikachomeka, imerudi kulekule. Mama alichungulia, akasema, "Inamngoja," akarudi jikoni bila kucheka.

Sababu ilikuwa ndogo. Betri ndogo ya saa ya ndani ilikuwa imekufa, na betri kubwa haikuwa ikishika chaji. Nikichomoa waya, mashine inasahau tarehe pamoja na agizo langu. Nikapanga upya bila kuchomoa. Yakaja maandishi: bonyeza kitufe chochote kuanza na CD. Nukta zikafuatana taratibu, kama mtu anayetembea. Sikubonyeza. Picha ikarudi.

Hapo nikajua anayekataa ni mimi.

Kesho yake nilipanda basi la Mikumi na kompyuta mapajani. Nilimwamkia mama mdogo. Aliitikia marahaba, akauliza kama imepona. Nikaichomeka mezani kwake. Picha ya mumewe ilipotokea, alivuta kiti, akakaa. Nikamweleza kwamba labda fundi wa Morogoro angeweza kuyatoa yaliyomo, ila nikishabonyeza, hakuna atakayeyarudisha.

"Humo mna nini?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui." Alimtazama mumewe muda mrefu. Feni haikuwashwa, lakini alijifunika khanga mabegani. "Basi ni vyake. Msitiri, mwanangu. Futa."

Nikawasha upya, nikapanga CD itangulie. Maandishi yalipokuja, nukta ya pili haikuwahi kutokea. Nilikuwa nimeshabonyeza.