Ramani ya Mwalimu wa Jiografia

Tulimzika mwalimu wa jiografia Ijumaa iliyopita huko Kanja, Embu, na tangu siku hiyo nina uchungu nisioweza kuuficha. Habari za kifo chake zilinipata kwa simu nikiwa kwangu Kiirua, nikipanga, kwa mara ya sijui ngapi, siku ya kwenda kumtazama. Tulifundisha pamoja Githongo miaka mingi, yeye jiografia, mimi Kiswahili, meza yetu ikiwa moja na dirisha letu moja lililotazama mashamba ya kahawa. Alikuwa mpole kwa mambo yote ila moja. Mwanafunzi angeweza kuuhamishia Mlima Kenya Mombasa naye akamsamehe, lakini ramani isiyo na ufunguo, ile orodha ya kueleza alama zake, ilipata sifuri. Alisema hiyo ni picha ya kupamba ukuta.

Wasomaji wangu mnavijua vijitabu vya mazishi vya huku kwetu. Ukisoma vitano umesoma vyote. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaokoka, akapenda amani, akaugua kwa muda mfupi. Nimehudhuria mazishi mengi na sijawahi kumzika mgomvi wala mchoyo. Hawa tunaogombana nao kila siku sijui huzikwa wapi. Mwenzangu alijua naye angepambwa vivyo hivyo. Alipougua, na aliugua miaka miwili mizima, alichukua karatasi kubwa akayachora maisha yake yote kama ramani, kwa picha na rangi, kisha akamwagiza mkewe kwamba hiyo ndiyo ichapishwe badala ya wasifu.

Kamati ya mazishi, iliyokutana Githongo, ilipoiona ilitaka kuzirai. Nilikuwepo, maana kwenye kamati za mazishi mimi sichelewi, ingawa ramani niliichungulia tu begani mwa mwenyekiti. Kibanda cha chai cha Githongo kilikuwa kikubwa kuliko kanisa. Ofisi ya mkuu wa shule ilifunikwa na wingu, na kwenye ufunguo wingu hilo lilielezwa kuwa mvua ya mwaka mzima. Ufugaji wa kuku alioujaribu baada ya kustaafu aliuchora kama kinamasi, naye mwenyewe akiwa ndani, kofia tu ndiyo inayoonekana.

"Mama, hii siwezi peleka mbele ya pastor," mwenyekiti alimwambia mjane. "Hii si eulogy. Wacha tuandike ingine, tuseme tu alipenda kanisa."

"Alipenda kanisa na alipenda chai," mjane alijibu bila kupandisha sauti. "Mkitoa hiyo chai, mtakuwa mnazika mtu mwingine."

Basi ramani ikachapishwa. Siku ya mazishi hakuna aliyesikiliza mahubiri; hema zima lilikuwa limeinama, kila mtu akijitafuta. Shemeji mmoja alilalamika kwamba amewekwa mbali na mto. Mheshimiwa mbunge wa huko naye alijiona mapema, akiwa na kipaza sauti kando ya barabara ya kwenda kwa marehemu, ile anayowaahidi watu lami kila uchaguzi. Barabara hiyo ilichorwa kwa nukta nukta. Kwenye ufunguo iliandikwa: "Nukta: barabara iliyoahidiwa." Kicheko kilianzia viti vya nyuma kikafika mbele, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mfukoni nilikuwa na hotuba ya rafiki mkubwa wa marehemu. Nilikuwa nimeiandika vizuri, yenye neno "ndugu" mara saba, na nilikuwa nikingoja kuitwa. Nikasema na mimi nijitafute kwanza. Nilijipata juu kabisa, Kiirua, nyumba yangu na mabati yake ya kijani, nami nimesimama langoni na mkoba na kitambi ambacho angeweza kukipunguza kidogo. Nilifurahi sana. Kisha nikaweka kidole langoni kwangu, nikaifuata barabara inayoshuka hadi nyumbani kwake Kanja, na ilikuwa nukta nukta kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilipoitwa nilisimama, nikasema tulifundisha pamoja Githongo, nikaketi. Watu walidhani ni machozi. Ilikuwa aibu. Simu nilikuwa nikipiga, jamani. Kila mwezi nilipiga, na kila nilipopiga nilisema nitapita huko wiki ijayo. Mheshimiwa naye husema hivyo hivyo, ila yeye angalau huja, tena na maturubai ya mazishi.

Watu walipotawanyika mjane aliniita ndani akanionyesha ile karatasi yenyewe, si nakala. "Angalia vizuri, Mwalimu," aliniambia. "Hizi zingine zote aliweka wino. Yako aliacha na penseli. Alikuwa anasema ukikuja tu, ataifanya barabara ya kweli."

Kalamu ya wino ilikuwa bado kwenye kikombe kando ya kitanda. Nawaambieni ninyi mlio na mtu wa wiki ijayo: nendeni kabla hamjaalikwa kwenye kamati. Mheshimiwa bado ana uchaguzi mwingine wa kuijenga barabara yake. Yangu niliipita Ijumaa, safari ya asubuhi moja tu, na nilipofika hapakuwa na wa kuitia wino.