Mbwa Asiyefika Gotini

Mama alikuwa ameshaamua kabla hajaniuliza. Mtoto anayeogopa mbwa, alisema, dawa yake ni kumlea mbwa angali mchanga, amlishe kwa mkono wake, walale na kuamka pamoja, mpaka woga uchoke wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta huyo mbwa, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu. Dada alifariki siku tatu baada ya kumzaa, na baba yake yuko Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, huja mara moja kwa mwaka na miaka mingine haji. Mtoto amelelewa na mama, kwetu Iyunga. Mwaka ninaousimulia alikuwa anaelekea kutimiza miaka saba. Mwezi wa nne, mvua zikiwa bado nzito, alitumwa chumvi kwa jirani ng'ambo ya barabara, na jibwa la mlinzi wa ghala likamwangusha kwenye matope na kumng'ata paja. Siku ya pili jibwa lile lilikufa likitoka mapovu. Basi mtoto akabebwa mgongoni kwenda hospitali ya Mbeya kila siku kwa wiki mbili, akachomwa tumboni sindano za kichaa cha mbwa. Alipona. Lakini tangu sindano ya mwisho hakuvuka tena kizingiti cha mlango. Hata chooni alibebwa.

Shule ilikuwa ifunguliwe mwezi wa kwanza. Ni mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, na njia nzima ina mbwa wa watu. Mama asingeweza kumbeba kila asubuhi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mwalimu alikwisha kumwambia kwamba wasichana waliokubaliwa ni wachache, na asiyefika siku ya kwanza nafasi yake atapewa mwingine, tena asije kulalamika. Mama alinieleza hayo kwa barua aliyoandikiwa na katekista, na mwishoni akaongeza sentensi moja ambayo najua ni yake mwenyewe kwa sababu katekista asingethubutu: nikumbuke dada yangu alitolewa darasa la pili ili mimi niendelee.

Nilikumbuka. Sidhani kama ipo siku nisiyokumbuka.

Wakati huo nilikuwa Iringa, mwaka wangu wa kwanza kazini katika ofisi ya elimu, baada ya kumaliza masomo Uganda. Mtu mwingine angekwenda kijiji chochote cha jirani, angechukua kitoto cha mbwa koko chini ya ghala la mahindi, akampelekea mama yake mwisho wa juma. Mwezi wa saba nilionyeshwa watoto watano wa namna hiyo na mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihehe. Niliwachuchumalia kwa muda mrefu. Mama yao alikuwa na miguu mirefu. Nikafikiri: hawa watakua. Baada ya miezi minane mmoja wao atakuwa na kimo cha jibwa lile lile, na tutakuwa tumemfugia mtoto hofu yake ndani ya nyumba. Nikamshukuru mzee, nikasema nitafikiri.

"Unafikiri nini?" akauliza. "Mbwa ni mbwa, bwana mkubwa."

Ofisini kulikuwa na kabati la vitabu vilivyoachwa na Mwingereza aliyehamishwa, na kimoja kilihusu mbwa wa kwao, kila aina na picha yake. Nilikichukua nyumbani. Nikafungua daftari jipya, nikaandika mbwa anavyotakiwa kuwa: asifike gotini kwa mtoto hata akikua. Mdomo uwe mfupi. Masikio yalale, kwa maana mtoto alimwambia mama kwamba lile jibwa lilikuwa na masikio yaliyosimama. Asiwe mwenye kubweka ovyo. Manyoya yaweze kuhimili baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, lakini yasiwe marefu hata tusiweze kuona viroboto. Kulikuwa na mbwa wa Kijerumani, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, ambaye nilimpenda kwa wiki nzima, mpaka nilipokumbuka matope ya Iyunga na kuona tumbo lake likiburuzwa humo. Kulikuwa na wa Kichina mwenye pua bapa. Kitabu kikasema hupumua kwa shida, nikaona atafia mikononi mwa mtoto. Wengine walisemekana kuwa wakali kwa panya, na mimi sikutaka ukali wa aina yoyote. Mwezi wa nane ukapita hivyo, na wa tisa.

Hatimaye sikuchagua kwa kitabu. Nilikuwa dukani kwa Mhindi mmoja karibu na soko, nanunua sabuni, nikaona chini ya meza ya vitambaa mbwa jike mdogo, rangi ya maziwa yaliyoungua, masikio yamelala. Hakufika hata nusu ya goti langu. Alikuwa ana mimba. Mke wa mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akikata kitambaa, aliponiona nimesahau sabuni yangu akaniuliza kama na mimi nafuga. Nikamweleza habari yote, ndefu kuliko ilivyotakiwa. Akasikiliza mkasi ukiwa mkononi. Akasema watoto wakizaliwa nitachagua wa kwanza, na kwamba mbwa huyu aliletwa na mtawa wa Kizungu aliyerudi kwao, aina yake yeye hajui, ila amemlelea wajukuu wanne na hajamtia jino hata mmoja.

Walizaliwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi, watatu. Nikaandika nyumbani. Nikataja rangi, nikataja masikio, nikachora hata kimo kwa mstari pembeni mwa karatasi ili mtoto aone. Mama akajibu kwamba mtoto anauweka mstari ule kwenye mguu wake kila siku na kucheka. Pamoja na jibu akanitumia kuku mmoja, kwa basi, amefungwa miguu. Kwetu mbwa hachukuliwi bure wala hanunuliwi; hubadilishwa kwa kitu chenye uhai, la sivyo hakai. Nikaona haya kumpelekea kuku hai mwanamke wa Kihindu asiyekula hata yai, nikakaa na kuku huyo chumbani siku mbili nikifikiri namna ya kumweleza. Nilipompeleka, yule mama alicheka mpaka akaketi.

"Sasa huyu nimfanyeje, bwana? Kwangu hata harufu yake haiingii jikoni."

Nikamwambia amgawie yeyote. Akampa dobi wake. Mambo yakawa sawa: mbwa alikuwa wetu kwa desturi, ikabaki tu anyonye kwa wiki nne zaidi.

Katika wiki hizo nne ndipo tangazo lilipobandikwa bomani. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeenea nyanda zote, na kuanzia siku ile hakuna mbwa wa kuhamishwa wilaya moja hadi nyingine bila kibali cha ofisi ya mifugo. Mbwa asiye na chanjo na kibati shingoni ataharibiwa. Nililisoma mara nyingi. Kila mtu Iringa alilisoma au alisomewa, na kila mtu aliendelea kama kawaida yake. Mwenye nyumba wangu aliniambia nimtie mtoto wa mbwa kapuni na kumfunika kwa majani ya maboga. Kondakta wa basi la Mbeya, niliyemuuliza kwa kuzungukazunguka, alinijibu kwamba yeye hupakia watu na vikapu, na ndani ya vikapu hajapata kuangalia tangu aanze kazi. Yule mama wa dukani naye alisema hivyo hivyo kwa maneno yake: mchukue mapema, amekwisha kuweza kula wali.

Nami nilifikiri. Nilifikiri nikikamatwa kwenye kizuizi cha Igawa, njiani kwenda Mbeya, na mbwa kapuni, mtumishi wa serikali, msomi, itakuwaje. Lakini hilo si lote, na ningependa nieleweke hapa. Nilifikiri pia kwamba tangazo lilikuwa la kweli. Mtoto alikwisha kuchomwa sindano zile. Je, nikimpelekea kwa mkono wangu mnyama mwenye ugonjwa? Ofisi ya mifugo ina mtaalamu. Amwangalie, asaini, nami nitakwenda Iyunga na mbwa aliyethibitishwa. Ilionekana njia ya mtu mwenye akili. Nikaandika ombi kwa Kiingereza, nakala tatu, nikataja idadi ya watoto, umri wao, rangi ya mama yao, na duka waliko.

Karani wa mifugo alinisalimu "kamwene" kwa uchangamfu, akasoma, kisha akanitazama.

"Hakuna aliyewahi kuomba," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Nikadhani ni sifa.

Siku ya tatu walikwenda dukani. Mama mbwa hakuwa na kibati. Hakuwahi kuchanjwa, nani angefikiri kumchanja mbwa anayeishi chini ya meza ya vitambaa? Ombi langu lilikuwa mkononi mwao, limeeleza kila kitu, na tangazo lilisema lilivyosema. Sina wa kumlaumu. Walimchukua yeye na watoto wote watatu, na jioni hiyo hiyo walipigwa risasi penye shimo la takataka, nje ya mji.

Nilikwenda dukani kesho yake. Nilikuwa nimeandaa maneno, nusu yake nikiwa nimeyaandika kwenye daftari lile lile. Mwenye duka aliingia ndani aliponiona. Mkewe alibaki, akanipimia sabuni ambayo sikuwa nimeiomba, akaifunga kwenye gazeti.

"Ungemchukua tu," akasema. "Nilikwambia umchukue."

Nikalipia sabuni, nikarudi nyumbani na maneno yangu.

Kwa kuwa likizo yangu ilikuwa imekaribia, sikuandika nyumbani. Nilijiambia habari kama hii haifai barua, isomwe na katekista mbele ya mtoto. Afadhali niieleze mwenyewe. Ukweli ni kwamba kila barua niliyoanza ilifika ukurasa wa pili bila kufika kwenye habari yenyewe. Nikapanda basi wiki ya Krismasi. Toka Makambako hadi Chimala nilikuwa natunga. Nilikuwa na maelezo marefu kwa mama na mafupi kwa mtoto, na nilidhani nitakuwa na nafasi ya kuyasema ndani ya nyumba, mtoto akiwa nyuma ya kizingiti chake.

Basi liliposimama Iyunga niliwaona wote wawili pembeni mwa barabara. Mtoto alikuwa amesimama. Hakubebwa, alikuwa na viatu vya kanisani, vimejaa tope mpaka juu, na mkononi ameshika bakuli la bati. Mama alinisogelea kabla sijashusha mzigo, anashindwa kuficha furaha yake, akaniambia chinichini kwamba ametembea mwenyewe, njia yote, wamepita mbwa wawili na hakulia. Mtoto alikuwa amesema hawezi kumwacha mwenzake ashuke kwenye basi bila mtu wa kumpokea.

Mtoto aliniamkia, akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu kwenye mlango wa basi. Basi likaondoka.

"Mjomba, yuko wapi?"

Yote niliyotunga yalitoka kichwani. Nikasema hakuja. Nikasema wakubwa wa ofisi wamewachukua mbwa wote wa nyumba ile, kwa sababu ya ugonjwa, na hatarudi. Mama aliweka mkono mdomoni. Mtoto akauliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Alikuwa na ugonjwa wa lile jibwa?"

Hapo ingetosha neno moja. Hapana. Mtu yeyote katika barabara ile angelisema: dereva, kondakta, katekista. Lakini mimi sikujua. Hakuna aliyempima; walimpiga risasi bila kumwangalia, na mimi nilijua tu kile nilichojua. Nikafikiri isiwe nimemdanganya mtoto katika jambo kama hili.

"Sijui," nikasema.

Akatazama barabara, kule walikokuwa wametoka. Mbali, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, mbwa wa mtu alikuwa amelala juani. Mtoto akaweka bakuli chini, akamgeukia bibi yake na kuinua mikono yote miwili. Nikasema nitambeba mimi. Hakunitaka. Mama akachuchumaa kwa shida, akampokea mgongoni, akajifunga kanga, nasi tukarudi nyumbani hivyo, wao mbele, mimi nyuma na mizigo, tukipumzika kila mara kwa ajili ya magoti yake.

Nilikaa Iyunga likizo yote. Kila asubuhi nilikaa mlangoni nikimwita, nikimwahidi hili na lile, hata nikamwambia kwamba nimeuliza, na mbwa yule hakuwa mgonjwa. Alinisikiliza kwa heshima. Siku shule ilipofunguliwa mama alimvisha gauni tangu alfajiri, akamketisha kwenye kigoda karibu na kizingiti, na pale akakaa mpaka saa nne, mikono mapajani. Kisha akaomba avuliwe gauni lisichafuke. Alasiri mwalimu alituma mtu kusema kwamba nafasi imejazwa.